Mbuzi Waliotangulia

Mbuzi watatu walifika nyumbani kwa kina Mwongeli karibu saa sita mchana, Jumamosi ya mwisho ya Agosti mwaka wa 2004, na aliyepaswa kuwaleta hakuwa nao.

Mwongeli ndiye aliyefungua geti. Alikuwa amevaa gauni la zambarau ambalo fundi alikuwa amelimaliza jana yake, na tangu asubuhi alikuwa ameenda kuchungulia barabarani mara tisa. Aliona pikapu ya buluu imejaa vumbi la Kajiado hadi kwenye vioo. Mama mmoja mnene, amejifunga leso kiunoni, alishuka upande wa dereva. Nyuma, katikati ya magunia ya kabichi, aliketi mwanamume mrefu wa Kimaasai. Mkono mmoja ulishika kamba tatu na mwingine ulimkumbatia mbuzi mdogo asitupwe na mashimo ya barabara.

"Hapa ndiyo kwa Mama Mwongeli?" yule mama aliuliza.

"Ni hapa."

"Basi tumefika. Mimi naitwa Evalyne, niko na duka la dawa za mifugo Kajiado. Huyu ni Tajeu, ametoka Bissil. Tumetumwa na Wamalwa. Amesema tuwapee hawa kwa mkono, tusiachie mtu mwingine."

Mwongeli alitazama ndani ya pikapu, kisha nyuma yake barabarani. "Na yeye?"

Evalyne alimtazama Tajeu. Tajeu akawatazama mbuzi.

"Yuko Illasit, kule mpakani," Evalyne alisema kwa sauti ya chini. "Amesema anakuja. Simu ilikatika kabla hajataja saa."

Mwongeli alisogea kando wapite, na Tajeu alipomwona midomo inamtetemeka, aligeuka akajifanya anafungua fundo la kamba ambalo halikuwa limefungwa, ili binti wa watu apate nafasi ya kujifuta macho.

Kwa Wakamba, mbuzi wa ntheo si zawadi ya kawaida. Wakishapokelewa na wazee, na mmoja wao akachinjwa, msichana amekuwa mke wa mtu, hata kama harusi ya kanisani itakuja baadaye. Wasipopokelewa, hakuna neno. Na huja na ukoo: kijana mwenyewe, wazee wake, na dada zake wakiwa na midomo ya kujibu maswali. Marehemu Ndambuki, baba yake Mwongeli, alikuwa amefariki miaka sita nyuma, kwa hiyo kaka mkubwa wa marehemu, Mzee Munguti, alikuwa ametoka Makueni alfajiri ili apokee kwa niaba yake. Mzee alikuwa na miaka sabini na minne na goti bovu. Safari hiyo asingeifanya kwa ajili ya mtu yeyote ila binti huyu.

Sasa alikuwa ameketi sebuleni na kofia yake magotini, akiwatazama mbuzi kupitia dirishani.

"Mbuzi wazuri," alisema. "Majike wawili na dume. Hawana kosa. Lakini wameletwa na nani?"

"Na muuza kabichi," alijibu Mbeke, mama yake Mwongeli. Alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, na muthokoi wa mahindi na maharagwe jikoni ulikuwa unaanza kushika chini ya sufuria bila yeye kujali. "Na mtu wa Bissil ambaye hatumjui. Si nilisema? Nilisema mwezi wa nne, nikasema mwezi wa sita, muuza dawa wa kuzunguka hapatikani nyumbani. Mwanangu si katoni ya dawa, ya kupitishwa duka hadi duka mpaka imfikie mwenyewe."

"Mama," Mwongeli alisema.

"Usiniite mama kwa sauti hiyo. Mimi niliolewa na dereva wa lori la Namanga. Unajua nililala na nani miaka ishirini na mmoja? Nililala na redio. Baba yako alikuwa mtu mzuri, hakuna mtu alisema vibaya juu yake. Kila steji walimpenda. Mimi pia ningempenda, kama angepatikana."

Mzee Munguti alikohoa kidogo. Marehemu alikuwa ndugu yake, lakini hakubisha, maana alijua ni kweli.

"Mwongeli, mwiitu wakwa, binti yangu," alisema taratibu, "basi langu ni la saa kumi na mbili. Nitakaa hapa mpaka saa kumi na moja. Akifika na watu wake, tutaongea. Asipofika, mbuzi hawa watarudi na waliowaleta, na mimi habari ya kijana huyu sitaisikiliza tena. Si kwa hasira. Ni kwamba mtu akishindwa siku ya kwanza, siku zingine ni nyingi zaidi."

Mwongeli aliinamisha kichwa.

Alimfahamu Wamalwa kwa miaka miwili sasa. Walipokutana, duka la Mwongeli la dawa za mifugo, pale nyuma ya soko la Kitengela, lilikuwa na miezi mitatu tu. Wamalwa aliingia na mkoba wa kampuni ya dawa aliyoiuzia, kijana mweusi mwembamba wa Bungoma, viatu vimefutwa vizuri juu na vumbi limebaki kwenye nyuzi. Mwongeli alitaka katoni mbili za dawa ya kupe ili duka lionekane limejaa.

"Usichukue katoni mbili," alimwambia. "Chukua chupa nne."

"Wewe ni muuzaji wa aina gani?"

"Wa kurudi. Nikikuuzia mbili zitaharibika hapo juu ya rafu, na kila ukiziona utakumbuka uso wangu vibaya."

Mwongeli alicheka, na Wamalwa aliposikia kicheko hicho alisahau kuandika oda. Alirudi baada ya wiki tatu kuiandika. Tangu siku hiyo alipita kila mwezi, na kabla ya kuuza chochote alikuwa na daftari lake la maswali. Alitaka kujua ni nini kinachomfanya mfugaji amwamini mwenye duka. Alitaka kujua kwa nini watu wa Kiserian hununua kwa mtu mmoja hata kama jirani yake ni rahisi zaidi. Wenzake ofisini walifikiria bei na mabango. Yeye alisema biashara yote ni neno la mtu, na mabango ni kupaka rangi tu. Aliandika majina ya watoto wa wateja wake, na ya ng'ombe wao pia. Mwongeli alimpenda kwa ajili ya daftari hilo, na miezi mingine alilichukia, kwa sababu lilikuwa na kila mtu kutoka Namanga hadi Illasit na kila mtu alikuwa na siku yake.

Mama yake alikuwa mkali lakini hakuwa mtu wa kuwaacha wageni na njaa. Saa nane Evalyne na Tajeu walikuwa mezani. Evalyne alikuwa na kabichi za kuuza na jua lilikuwa linazikausha, lakini kila alipoambiwa aende alisema bado kidogo.

"Kabichi zako zitaoza," Mbeke alimwambia.

"Ziache zioze, mama. Nilimwambia nitawapeana kwa mkono, na hamjapokea. Nikienda nitamwambia nini?"

Mbeke alimwongezea muthokoi bila kumjibu. Kisha akamgeukia Tajeu, ambaye alikula polepole kama mtu anayeogopa kumaliza cha wenyewe.

"Na wewe? Anakulipa?"

"Hapana, yeyo," Tajeu alijibu, akimwita mama kwa Kimaasai.

"Ni ndugu yako?"

"Yeye ni Mluhya, yeyo." Tajeu alitabasamu. "Mwaka wa juzi ng'ombe yangu ilikuwa inakonda. Kumi na moja. Nikaenda Kajiado na pesa kununua dawa yake, ile ya bei kubwa. Yeye alikuwa huko kwa Mama Evalyne. Akaniuliza maswali mingi sana, mpaka nikakasirika. Halafu akasema, dawa yangu haitasaidia hii. Akapanda nyuma ya lori akaja mpaka boma kuona. Ilikuwa maji. Kisima ilikuwa mbaya. Akaniambia, weka pesa yako mfukoni, hamisha ng'ombe."

"Na ulihamisha?"

"Nilihamisha. Walikufa wawili. Tisa wako." Aliweka kijiko chini. "Kwa hivyo akinipigia simu asubuhi aniambie nilete mbuzi, mimi sitauliza kwa nini."

Mwongeli alikuwa anasikiliza akiwa mlangoni. Wamalwa hakuwahi kumsimulia hilo. Alitaka kufurahi na hakuweza, maana saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa tisa na robo.

Mbeke alikusanya sahani. "Ni mtu mzuri," alisema, na alisema kama mtu anayetoa kitu kinachomuuma. "Hiyo ndiyo shida. Angekuwa mbaya ningemfukuza nilale."

Saa kumi ikafika, na saa kumi na nusu. Mzee Munguti alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena. Alimwita Mwongeli aketi karibu naye, akamuuliza habari za duka, na kama ng'ombe wa huku wanashika ugonjwa wa miguu kama wa kwao. Hakutaka aketi peke yake kwa zile dakika za mwisho. Mwongeli alimjibu kila swali vizuri na hakukumbuka hata moja.

Zilipobaki dakika kumi, geti liligongwa.

Wamalwa alikuwa amevaa suti, lakini suti ilikuwa imelala ndani ya gari siku mbili. Macho yalikuwa mekundu. Nyuma yake alikuwa baba yake mdogo kutoka Bungoma, mzee mpole aliyeshika fimbo kama mgeni kanisani, na dada yake Nasike, ambaye anaishi Athi River. Walikuwa wamemngoja huko tangu asubuhi kwa sababu hawakujua njia, na hakuna ukoo unaoenda kuoa bila mwoaji.

"Mulembe, mama," Nasike alianza haraka walipoingia sebuleni, akiamkia kwa Kiluhya na kupiga goti kidogo. "Tumechelewa na tunaona aibu. Mimi nimemtusi njia yote mpaka nimebakisha kidogo, kama mnataka kumalizia."

Hakuna aliyecheka isipokuwa Evalyne, naye alifunika mdomo.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mzee," Wamalwa alisema.

"Marahaba," Mzee Munguti alijibu. Mbeke alinyamaza.

"Kulikuwa na nini Illasit?" mzee aliuliza.

Wamalwa alimtazama Mwongeli kwanza. Ulikuwa mtazamo mfupi, na ndani yake kulikuwa na safari yote. Kisha akajibu.

"Dawa yangu mpya, mzee. Vipimo vya kuchanganya vilichapishwa vibaya kwenye chupa. Ukifuata ile karatasi dawa inakuwa kali mno. Alhamisi nilipigiwa simu kwamba ndama wawili wameanguka. Kampuni ilisema itaandika barua kwa maduka wiki ijayo. Lakini wale watu hawakununua kwa kampuni. Walinunua kwa sababu mimi niliwaambia ni nzuri. Na kesho yake ilikuwa siku ya kuogesha mifugo. Kwa hivyo nilizunguka boma kwa boma nikizikusanya zile chupa. Nyumba thelathini na moja. Ya mwisho niliipata leo asubuhi."

"Ndama walipona?"

"Walipona, mzee."

"Vizuri," Mzee Munguti alisema, na alimaanisha.

Ndipo Mbeke akazungumza. Hakupandisha sauti.

"Nyumba thelathini na moja umezifikia, kijana. Hii moja ikakushinda."

Wamalwa aliwatazama mbuzi kupitia dirishani.

"Hukuja, ukatuma. Ulifikiri tunangoja mbuzi? Mbuzi wako sokoni kila Jumatano. Sisi tulikuwa tunangoja wewe."

"Ni kweli, mama. Nilifikiri siku isipite bila kitu. Nikafikiri, nikiwapa watu ninaowaamini, ni kama nimekuja."

"Si kama."

"Sasa naona."

Mwongeli alisimama. "Ankol, naomba dakika kumi niongee na yeye kabla hujasema neno lako."

Mzee Munguti alitazama saa ya ukutani, akatazama goti lake, kisha akavua kofia. "Basi linaweza kwenda. Kesho kuna lingine."

Walienda nyuma ya nyumba, mahali pa tangi la maji, ambapo upepo wa Athi ulikuwa unapiga nguo kwenye kamba. Wamalwa alitaka kumshika mkono na hakujiruhusu. Mwongeli aliona vidole vyake vimechubuka na vinanuka dawa ya kupe, na moyo wake ukalainika akiwa hataki ulainike.

"Umekula?" aliuliza.

"Nitakula."

"Nimekuuliza kama umekula, sijakuuliza kama utakula."

"Jana."

Mwongeli alimeza hasira kidogo, akaendelea. "Kila mtu anakuamini, Wamalwa. Leo nimekaa na watu wawili ambao wameharibu siku yao kwa sababu yako na hawajalalamika. Unajua wanakuamini kwa nini? Kwa sababu unarudi. Ukisema Jumanne ya pili, Jumanne ya pili uko hapo. Kwangu unarudi zamu yao ikiisha."

"Si kwamba nakupenda kidogo."

"Najua hunipendi kidogo. Kama ingekuwa hiyo, ningekuacha nilale kwa raha. Kuna kitu kingine hujaniambia. Evalyne ameniuliza kama nimefurahi juu ya Narok."

Wamalwa aliinama akatazama viatu vyake. "Nilitaka nikwambie leo. Januari ofisini wanataka kuniongezea eneo la Narok na Magadi. Na gari jipya. Nilifikiri, tukishaoana, tutahitaji."

"Ulifikiri. Wateja wako una daftari la kuwauliza maswali. Mimi umewahi kuniuliza moja?"

Wamalwa alikuwa na tabia ambayo Mwongeli aliijua vizuri: akikosa jibu la kweli hatafuti la kupendeza. Machozi yalimjaa machoni, akayaacha hapo.

"Nikuulize sasa?" alisema mwishowe.

"Uliza."

"Nifanye nini? Sisemi nikubembeleze. Nauliza kwa sababu sijui. Nikiacha kuzunguka, wale watu watauziwa na mtu mwingine kitu ambacho hakifai. Nikizunguka, nitakupoteza. Usiku nikiwa Namanga kwenye vyumba vya kulala wageni nahesabu hiyo kitu na haitoki."

Mwongeli aliegemea tangi. Kutoka hapo aliweza kuwaona mbuzi wamefungwa kwenye mti wa mpera, na Tajeu amechuchumaa karibu nao akiwapa maji kwa sufuria la jikoni kwa Mbeke. Jike mdogo alikuwa amekanyaga ukingo, na Tajeu alilishikilia sufuria lisipinduke, akimngoja amalize. Mwongeli aliwatazama kwa muda mrefu.

"Hawa mbuzi walitoka Bissil mpaka hapa bila wewe," alisema.

"Usinikumbushe."

"Sikiliza kwanza. Walitoka Bissil mpaka hapa bila wewe, na hakuna aliyepotea, na hakuna aliyeumia, na walifika siku uliyosema. Tajeu alikuja nao katikati ya kabichi. Asubuhi mimi sikuwa namjua huyo mtu. Sasa hivi nikimpa ufunguo wa duka langu nitalala vizuri. Kwa nini?"

"Ni mtu mwaminifu."

"Ni kwa sababu wewe ulimwamini kwanza. Umetembea miaka sita ukitengeneza watu kama hao kila soko, halafu bado unataka kubeba kila chupa mwenyewe." Alimgeukia. "Evalyne anaijua dawa yako kuliko vijana wa ofisini. Tajeu anaweza kuangalia ng'ombe akakwambia ni kupe au ni maji, si ulimfundisha? Illasit lazima kuna mtu. Namanga kuna mtu. Wafundishe vizuri, wapewe fungu lao, waseme kweli kama wewe unavyosema. Wewe upite kwao wiki moja kwa mwezi. Hizo zingine uko hapa."

"Watu wananiamini mimi, Mwongeli. Si kila mtu anaweza kusema hii dawa haitakusaidia akiwa anataka kuuza."

"Si kila mtu. Ni wachache, na unawajua wote kwa majina. Na majina ya ng'ombe wao."

Wamalwa alikaribia kucheka. Kisha uso wake ukabadilika polepole, kama mtu anayesoma barua mara ya pili na kuielewa.

"Mimi nilifanya vibaya leo," Mwongeli alimsikia Wamalwa akisema, nusu akiongea peke yake. "Nilituma watu mahali pa kwenda mwenyewe."

"Ndiyo. Dawa itume. Wewe uje."

Wamalwa alirudia maneno hayo taratibu. Upepo ulivuma, shuka moja ikamfunika Mwongeli usoni, na Wamalwa akaiondoa na kuibana tena kwenye kamba, kwa uangalifu, kona kwa kona, kama mtu aliyepewa kazi kubwa.

"Wanaweza kukataa ofisini," alisema. "Mkubwa wangu anapenda kuona gari likizunguka. Narok itaenda kwa mtu mwingine. Gari pia."

"Sijawahi kupenda gari."

"Na wakinifukuza?"

"Niko na duka. Rafu ya juu haina kitu. Utasimama hapo uwaambie wateja wangu wasinunue."

Sasa alicheka, na Mwongeli pia, ingawa bado alikuwa na hasira iliyobaki, na alimwambia hivyo.

"Bado niko na hasira."

"Ni sawa."

"Itachukua muda."

"Nitakuwa hapa," Wamalwa alisema. Kisha akajisahihisha, kwa sababu alikuwa mtu wa kusema kweli. "Jumatatu naenda ofisini kuwaambia. Oktoba bado nitakuwa na safari mbili za kuwafundisha watu, Namanga na Illasit. Siku nne nne. Baada ya hapo, wiki moja kwa mwezi. Sitaweza kukwambia hakuna siku nitachelewa. Lakini sitatuma mtu kwako mahali pangu tena."

Mwongeli alitafuta usoni mwake kama kuna neno aliloongeza ili kuuza. Hakuliona.

Waliporudi sebuleni, Nasike alikuwa jikoni anasugua sufuria lililoungua bila kuombwa, na Mbeke amekaa karibu naye akimtazama kwa macho ambayo si makali sana. Baba mdogo wa Bungoma na Mzee Munguti walikuwa wamegundua kwamba wote wawili wana goti la kushoto linalouma, na walikuwa wanashauriana dawa.

Mwongeli aliwaita wote sebuleni, akawaeleza yale waliyozungumza. Alieleza kwa ufupi, bila kumpamba Wamalwa. Evalyne aliposikia jina lake limetajwa alikunja mikono.

"Mimi naweza," alisema. "Lakini nikiona dawa ni mbaya nitasema ni mbaya. Hata mbele ya mkubwa."

"Ndiyo maana," Wamalwa alimjibu.

Mzee Munguti alimgeukia shemeji yake. "Mama Mwongeli, wewe ndiye uliyeishi na redio. Unasemaje?"

Mbeke alimtazama kijana toka viatuni hadi machoni, na akaona kwamba ameyumba kidogo aliposimama.

"Huyu anaanguka kwa njaa," alisema. "Siwezi kujibu mambo makubwa na mtu anaangukia kapeti langu." Akarudi jikoni, akatoka na sahani ya muthokoi, sehemu ya juu ambayo haikuungua, na kipande cha kuku alichokuwa amemwekea mzee. Akamwekea mkononi. Wamalwa akala akiwa amesimama, na hakuna aliyemcheka.

Alipomaliza, Mbeke alipokea sahani. "Mimi sina neno," alimwambia Mzee Munguti. "Lakini atakayelala na redio si mimi tena. Muulize mwenyewe."

"Nitamuuliza," mzee alisema. "Lakini si hivi. Mbuzi hawajafika bado." Alinyanyuka kwa taabu, akaenda mpaka uani, na wote wakamfuata. "Tajeu, mwanangu, umefanya kazi nzuri. Mpe huyu kamba."

Tajeu aliweka zile kamba tatu mkononi mwa Wamalwa, moja baada ya nyingine, na akamnong'oneza kitu juu ya dume.

"Sasa toka nao nje ya geti," Mzee Munguti alisema. "Na baba yako, na dada yako. Sisi tutafunga. Halafu mje kama watu."

Haikuwa rahisi. Majike walikubali, lakini dume lilikuwa limezoea kivuli cha mpera na lilisimama na miguu yote minne. Wamalwa alilivuta, likavuta. Nasike alilisukuma nyuma akiwa na suti yake ya kanisani, akilisema kwa Kibukusu, mpaka Mbeke mwenyewe akageuka upande ili asionekane anacheka. Mwishowe wakatoka wote, na Evalyne akafunga geti la bati.

Ua ukawa kimya. Juu ya ukuta ilionekana ncha ya fimbo ya mzee wa Bungoma, na chini ya geti kwato kumi na mbili na viatu vya Wamalwa, vumbi kwenye nyuzi.

"Hodi," alisema.

Hakuna aliyejibu. Mzee Munguti alimtazama Mwongeli. Mbeke alimtazama Mwongeli. Ndipo alipoelewa kwamba hilo ndilo swali, na kwamba hakuna mwingine atakayelijibu.

Alisogea mpaka getini na kusimama hapo, karibu sana hata akasikia anavyopumua upande wa pili. Alikuwa amemngoja tangu asubuhi. Akamwacha angoje kidogo naye.

"Hodi hapa," Wamalwa alisema tena, kwa sauti ya chini, na hakuongeza kitu.

"Karibu," Mwongeli alisema, na akavuta komeo kwa mkono wake.